Fundi Aliyekawia: Somo juu ya Amri ya Saba

Wakatekumeni wengi wakiulizwa maana ya amri ya saba hujibu upesi kwamba yakataza wizi. Jibu ni sahihi. Lakini wakiulizwa mwizi ni nani, humtaja yule avunjaye mlango usiku, au achukuaye kuku wa jirani, au apunguzaye kipimo cha unga sokoni. Wachache humtaja mtu aliyepokea fedha mchana, mbele ya mashahidi, kwa mikono miwili na kwa shukrani, kisha akakaa nayo bila kutoa kazi aliyoahidi. Na wachache zaidi huuliza kama yule aliyetoa fedha aweza naye kuivunja amri hiyo hiyo wakati angojapo. Somo hili lahusu watu hao wawili.

Mfano wake umewekwa Likasi. Mji huo wa Haut-Katanga, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikua kwa sababu ya shaba, na katika sehemu zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, mafundi wa chuma si haba. Karakana ya fundi mdogo mara nyingi ni ua wa nyumba yake tu: kibanda cha mabati, mashine moja ya kulehemu, na vijana wawili watatu wanaojifunza kazi. Hapo hutengenezwa milango, madirisha ya chuma, vitanda na bodi za malori. Fundi wa namna hiyo hana ghala ya vyuma. Mteja ndiye ampaye fedha za kwenda kununua. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo mzizi wa maneno yote yafuatayo.

Palikuwa na mfanyabiashara mwenye lori moja kuukuu. Alinunua samaki Kapolowe, karibu na ziwa Tshangalele, lile lililotokea mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha. Na baada ya mavuno alifuata mahindi katika vijiji vya upande wa Bunkeya na Mitwaba. Aijuaye njia ya Mitwaba wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Lori likizama matopeni hukaa siku mbili, tatu, hata juma zima, na wenyewe hulala juu ya magunia chini ya turubai. Mkewe alisafiri pamoja naye, kwa kuwa ndiye aliyejua hesabu. Basi mtu huyo akataka atengenezewe chumba kidogo cha mbao na bati nyuma ya lori, katika sehemu ya mbele ya bodi: kiwe na kitanda, sanduku la kufungia fedha, mahali pa kuweka unga wa bukari, na dirisha la wavu kwa ajili ya mbu. Chumba cha namna hiyo hakipatikani dukani. Sharti kipimwe juu ya lori lenyewe.

Mfanyabiashara huyo alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, akitazamia ubatizo katika usiku wa Pasaka. Alimchagua fundi mmoja wa Kikula kwa sababu moja tu: fundi alikuwa Mkristo, tena Dominika haikumpita. Wakapatana bei. Mteja akatoa nusu yake, ndiyo arabuni. Fundi akasema, "Baba, baada ya majuma sita uje na lori." Ulikuwa mwezi wa Agosti, na njia zilikuwa kavu bado.

Majuma sita yakaisha, lori likaja, chumba hakipo. Fundi akasema bei ya mbao imepanda. Mteja alipokuja mara ya pili, fundi akasema umeme umekatika siku nne, na neno hilo lilikuwa kweli. Mara ya tatu akasema kijana wake wa kazi ni mgonjwa. Mara ya nne alitoka mtoto mdogo, akasema baba amekwenda Lubumbashi. Na viatu vya baba vilikuwa mlangoni.

Mwezi wa Novemba mvua zikaanza. Mteja na mkewe walizama njiani wakalala nje usiku tatu, na mama akarudi na homa ya mapafu. Alipona, lakini kwa shida. Ndipo mumewe akasema neno ambalo katekista alilisikia kwa uchungu: "Ikiwa huyu ndiye Mkristo, mimi nabatizwa kwa nini?" Akawaita wadogo zake watatu, wakapanga kwenda usiku kuchukua mashine ya kulehemu iwe badala ya fedha yake.

Yafaa kusimama hapa na kupima.

Kukawia kwenyewe si dhambi daima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha chini ya amri ya saba kwamba ahadi na mapatano ya haki yashikwe kwa uaminifu, na kwamba aliyepata mali kwa udhalimu hana budi kuirudisha. Lakini Mungu hadai lisilowezekana. Umeme ukikatika, hakuna fundi awezaye kulehemu kwa nia njema peke yake. Aliyezuiwa na jambo lisilo katika uwezo wake hana hatia ya kukawia, ingawa deni lake labaki. Hata hivyo, huyo naye ana wajibu mmoja ambao hauhitaji umeme wala mbao: kwenda kwa mteja kabla siku ya ahadi haijafika na kumwambia hali ilivyo. Kama fundi wa Kikula angekwenda mwezi wa Septemba, mteja angenunua turubai jipya, au angemwacha mkewe nyumbani, au angetafuta fundi mwingine. Alichonyimwa si chumba tu. Alinyimwa habari, na kwa kukosa habari alimpeleka mkewe mvuani.

Kisha kuna vile viatu. Kusema umeme umekatika, nao umekatika, si uongo. Kumtuma mtoto aseme baba hayupo, naye yupo, ni kuvunja amri ya nane kwa kinywa cha mtoto. Mteja aliona hasara yake mwenyewe, nayo ilikuwa kubwa. Lakini katika mambo yote yaliyotendeka uani pale, huenda hilo la mtoto ndilo zito kuliko mengine. Chumba chaweza kumalizika. Mtoto aliyezoezwa kumdanganya mgeni mlangoni ni kazi ngumu zaidi kuitengeneza.

Juu ya fedha yenyewe, ukweli ulijulikana baadaye. Katekista alimwomba mteja asubiri siku moja kabla ya kwenda na wadogo zake. Alimkumbusha kwamba Bwana wetu alifundisha namna ya kumwendea ndugu aliyekosa: kwanza peke yako, kisha pamoja na mmoja au wawili, na mwisho ndipo jambo lifikishwe mbele ya Kanisa. Mteja alikuwa amekwenda peke yake mara nne. Hatua ya pili ilikuwa bado. Basi wakaenda watatu, mteja, katekista na mzee mmoja wa jumuiya, nao wakaenda alfajiri, fundi asipate kuwa Lubumbashi.

Fundi aliwakaribisha, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaeleza. Arabuni ya mteja huyu ilinunua vyuma vya mlango wa mtu wa Panda, ambaye alikuwa ametishia kuleta polisi. Arabuni ya mtu wa Panda ilikuwa imemaliza vitanda vya mtu wa tatu. Fedha ya vitanda ilikuwa imelipa deni jingine la nyuma yake. Na arabuni ya kwanza kabisa, miaka miwili iliyopita, ilinunua sanduku la baba yake na chakula cha waliokuja kumlilia. Tangu siku ile fundi alikuwa akilikimbia deni moja, ila jina la mdai likibadilika.

Mafundi wengi wadogo waijua njia hiyo, na si wa Likasi peke yao. Hakuna hata mmoja anayeianza kwa nia ya kuiba. Fedha ya mteja mpya imo mkononi, mteja wa zamani yuko mlangoni akipiga kelele, na mkono wafanya kazi kabla ya dhamiri. Kwa hiyo kazi hutoka, naam, hutoka kila siku, lakini daima ni kazi ya mtu wa nyuma, na mteja wa mwisho hana vyuma vyovyote vilivyonunuliwa kwa jina lake. Akiulizwa, fundi hutaja umeme.

Hapa ndipo yafaa kujua arabuni ni nini. Si mshahara uliotangulia. Sehemu yake kubwa ni fedha ya mbao, bati na vijiti vya kulehemia, na fundi aishika kama mtu anayeshika amana. Akiigeuza kwa kazi nyingine bila mwenyewe kukubali, ametumia mali ya mtu kinyume cha mapenzi yake, hata kama moyoni asema nitarudisha. Kumzika baba ni wajibu mtakatifu. Lakini mlango ulikuwa wazi: angeweza kumwendea mwenye fedha na kusema, "Nimefiwa, nikubalie nitumie, kazi yako itachelewa mwezi." Watu wa Katanga hawamfukuzi mtu mwenye msiba. Fundi aliona haya kuomba mara moja, ikambidi adanganye miaka miwili.

Maandiko Matakatifu yanayo habari inayofanana sana na hii, nayo haisomwi mara nyingi. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mfalme Yoashi wa Yuda aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza nyumba ya Mungu palipobomoka. Fedha zikaingia. Ikafika mwaka wa 23 wa mfalme huyo, na palipobomoka palikuwa vile vile. Hao walikuwa makuhani, tena wa hekalu! Yoashi hakumpiga mtu. Aliwaita, akawauliza kwa nini hawajengi, akawakataza wasipokee fedha tena. Kisha kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya altare. Lilipojaa, watu wawili walihesabu pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, na fedha zikatolewa moja kwa moja kwa wasimamizi, nao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua miti na mawe. Mwandishi wa kitabu aongeza kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ugonjwa ulikuwa katika njia ya fedha kupita mkono mmoja bila kuonekana, na dawa ikawekwa papo hapo.

Wa kale zaidi ni Besaleli na Oholiabu, mafundi walioitengeneza hema ya Mungu jangwani, nyumba iliyosafiri pamoja na watu kama chumba cha lori lile kilivyokusudiwa kusafiri. Waliagizwa kila kitu kwa kipimo. Kitabu cha Kutoka hakioni haya kuandika hesabu ya vyote vilivyotumika: dhahabu talanta 29 na shekeli 730, fedha talanta 100 na shekeli 1,775, shaba talanta 70 na shekeli 2,400. Msomaji wa Katanga, nchi iliyopata kuitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, aweza kutabasamu kuona shaba imo. Lakini na aone pia kwamba Roho wa Mungu, aliyemjaza Besaleli ustadi, hakuizuia kalamu ya mwenye hesabu.

Sasa mteja. Katekista alimwuliza kama mapatano ya mwezi wa Agosti yalibaki vile vile. Mteja akasita. Mzee akamhimiza. Ikajulikana kwamba baada ya kupatana alirudi kuagiza dirisha la pili. Kisha sanduku jingine chini ya bodi la kuwekea vyombo vya gari. Kisha chumba kipanuliwe kwa shibiri moja, ndipo vyuma viwili vilivyokuwa vimekwisha kukatwa vikawa havifai. Hakuongeza fedha wala siku. Fundi hakuthubutu kukataa, kwa kuwa mdaiwa hathubutu kumkatalia mtu neno. Kuagiza zaidi na kulipa vile vile ni kuchukua jasho la mtu, nako ni kwa amri ya saba pia. Mtume Yakobo aonya vikali juu ya ujira uliozuiliwa. Hasemi kwamba aliyekawia kazi ndiye peke yake mwenye kosa.

Tena kuna ile safari ya usiku. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, yamkataza mdai asichukue jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa ndiyo kuuchukua uhai wa mtu. Mashine ya kulehemu ndiyo jiwe la kusagia la fundi. Likichukuliwa, hakuna chumba, hakuna mlango, hakuna vitanda, na watoto wa fundi hawali. Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai mchana: mbele ya wazee, mbele ya chifu, hata mbele ya hakimu. Mtakatifu Paulo aliwalaumu Wakorinto kwa kuburutana mahakamani, Mkristo na Mkristo, na jumuiya yafaa ijaribu kwanza. Lakini Kanisa halimwambii mtu aache haki yake. Lamwambia asiwe mwizi ili kumponya mwizi.

Kungoja vibaya kwaharibu mengi. Musa alipokawia mlimani siku 40, watu waliochoka kungoja walivua pete zao wenyewe za dhahabu, wakazitia motoni, wakafanya ndama. Na Bwana wetu alisimulia juu ya mtumishi aliyesema moyoni kwamba bwana wake anakawia, akaanza kuwapiga wenzake. Ajabu ni kwamba bwana yule kweli alikuwa anakawia. Mtumishi hakukosea kuhesabu siku. Alikosea katika yale aliyoyatenda ndani ya siku hizo.

Asubuhi ile uani Kikula mapatano yalifanywa upya, na si kila kitu kilikwenda vizuri. Fundi alitaja wadai wake wote, wakawa wanne. Ikakubaliwa kwamba arabuni yoyote mpya iwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkewe, mmoja kwa mzee wa jumuiya, na vyuma vinunuliwe mteja akiwapo. Mfanyabiashara alikubali kulipia dirisha la pili na sanduku la chini, na kutoa nusu iliyobaki kidogo kidogo, kadiri aonavyo kazi. Akauliza, "Basi, kitakwisha lini?" Kwa mara ya kwanza fundi hakutaja majuma sita. Alisema, "Baba, kabla ya Pasaka siwezi." Mteja hakufurahi, lakini alikubali. Mmoja wa wale wadai wengine alikataa mapatano yote akaenda kwa hakimu, nayo ilikuwa haki yake.

Fundi alikwenda kuungama. Padre alimpa maondoleo naye akamwagiza kulipa, kwa maana sakramenti ya kitubio huondoa dhambi, haiondoi deni la mbao. Mwenye kuungama wizi bila nia ya kurudisha awezacho hajatubu bado.

Likabaki lile swali la mteja: yeye abatizwa kwa nini? Katekista hakumjibu siku ile. Alimjibu katika Kwaresima, walipofika kwenye somo la Roho Mtakatifu. Alianza kwa kumweleza kwamba hata wakatekumeni wamejua kungoja. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliagiza katika misheni zake watu wafundishwe na kujaribiwa miaka minne kabla ya ubatizo. Kizito wa Uganda aliuomba ubatizo kwa bidii naye akaambiwa angoje. Aliupata Munyonyo mwaka 1886 kwa mkono wa Karoli Lwanga, siku chache tu kabla ya kuchomwa moto Namugongo. Wakati wa kungoja haukupotea, kwa maana wakati huo alijifunza kitu cha kufia.

Kisha katekista akalitaja neno arabuni. Ni neno la wafanyabiashara tangu kale. Waebrania walikuwa nalo, Wagiriki wakaliazima, Waarabu nao wakalitumia, na kwao likaingia katika Kiswahili. Mtakatifu Paulo alilichukua sokoni akaliweka katika barua zake kwa Wakorinto na kwa Waefeso: Roho Mtakatifu aliyetiwa mioyoni mwa waamini ni arabuni, yaani Mungu ametanguliza sehemu, kuwa dhamana kwamba atatoa urithi wote.

"Sasa niambie," katekista akasema, "katika mapatano hayo, atoaye arabuni ni nani?"

"Ni Mungu."

"Na aipokeaye?"

Mteja alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi. Usiku wa Pasaka nitakuwa mahali pa fundi."

Usiku huo alibatizwa. Fundi alikuwa kanisani, akashika mshumaa nyuma, karibu na mlango. Chumba kilikuwa tayari juu ya lori, kimepakwa rangi ya kwanza, dirisha zote mbili zina wavu. Bawaba zilikuwa hazijapatikana, kwa hiyo mlango haukuwapo. Mahali pake palining'inizwa kipande cha turubai.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista:

Fundi angepaswa kusema nini mwezi wa Septemba, na kwa nani kwanza?

Mtu akitumia arabuni ya mwenzake kwa dawa ya mtoto mgonjwa, je, yapasa kurudisha? Na mwenye fedha yapasa amfanyie nini?

Katika kijiji hiki, ni nani anayengojewa kazi yake sasa, naye amekwenda kueleza?

Kwa nini Torati yakataza kuchukua jiwe la kusagia? Hapa kijijini, jiwe la kusagia la mvuvi ni nini? La mshonaji? La mwenye baiskeli ya kubeba makala?